Mzee Elkanah Ameahirisha Kura

Jumatatu, 9 Machi

Nimeteuliwa! Mkurugenzi wa Habari, Kanda ya Ziwa. Mimi, Onchiri, mwenye kibanda cha kuchaji simu na kutoa fotokopi hapa Isebania. Aliyeniteua ni Bwana Marko. Anaishi ng'ambo. Nchi gani hajasema, na mimi kama mkurugenzi sikuona vyema kuuliza maswali madogo madogo. Alinipata mtandaoni. Alisema alivutiwa na maoni niliyoandika kumhusu Gisiri. Gisiri ana kibanda kama changu, ubavuni mwa changu, ila chake kina mwavuli mkubwa wa kuzuia jua. Nilikuwa nimeandika kwamba mwavuli huo ni wa wizi. Sina ushahidi, lakini mtu anahisi.

Kazi ni kuamsha mjadala. Wadi yetu ina uchaguzi mdogo Alhamisi ya wiki ijayo, tarehe 19. Wagombea ni wawili. Kuna Milka, muuguzi mstaafu, anayetaka zahanati yetu ifunguliwe kila siku badala ya siku mbili kwa wiki. Na kuna mwingine anayejiita Mheshimiwa, ingawa hajawahi kuchaguliwa hata kuwa kiranja.

Nimemwambia Mama kwamba sasa niko kwenye utafiti wa maoni. Akasema yeye ana maoni mengi na hakuna aliyewahi kumuuliza. Kura yake ni ya Milka. Milka ndiye aliyemfunga kidonda cha mguu miaka mitatu bila kumfanya ajione mzee. Mwaka jana Mama alihamisha kura yake kutoka Nyamira, akasimama kwenye foleni kutwa nzima na mguu huo huo. Hajapiga kura tangu Baba afariki. Zamani walienda pamoja kila uchaguzi, Baba akimshikia mwavuli. Ule wa 2022 hakwenda. Alisema hajui kupanga foleni peke yake.

Nimemwahidi nitampeleka kwa bodaboda na nitapanga naye. Ameshapiga pasi gauni, limetundikwa mlangoni. Siku kumi kabla!

Jumanne, 10 Machi

Bwana Marko ametuma makala ya kwanza. Kiswahili chake kimetoka kwenye mashine. Inasema wazee wa vijijini wataachwa kwenye theluji na treni hazitasimama. Nikamweleza kwa heshima kwamba kwetu hakuna theluji wala treni. Akajibu nirekebishe kulingana na mazingira. Nimerekebisha. Sasa ni matope na bodaboda.

Anataka pia sura. Ukurasa uwe wa mzee wa kuaminika. Nikajipaka unga kichwani, nikajipiga picha. Nilionekana kama mtu aliyekamatwa akiiba kwenye kinu cha unga. Nikafuta.

Jioni nilifungua sanduku la Mama kutafuta sindano, nikakuta kijitabu cha mazishi ya Baba. Picha ya jalada: suti ya kahawia, tai, macho ya mtu ambaye hajawahi kuchelewa. Nikaipiga kwa simu. Nikakata mishumaa na tarehe. Jina nimempa Mzee Elkanah Obare, Mwalimu Mstaafu.

Hakuna ubaya. Baba amezikwa Nyamira. Hapa Isebania hakuna anayemjua sura, na simu ya Mama ni kabambe, ile ya tochi na redio. Nilihisi kitu kidogo kifuani. Nikala mandazi mawili, kikapungua.

Alhamisi, 12 Machi

Mzee Elkanah ana wafuasi elfu mbili! Kwa siku mbili! Mimi kwa miaka tisa nina sitini na mmoja, na mmoja wao ni Gisiri, anayenifuata ili apate kunitukana.

Leo Mzee ameandika kwamba malori yaliyojaa watu yatavuka kutoka Sirare, upande wa Tanzania, usiku wa kuamkia kura, yaje kutuchagulia. Wazo ni la Bwana Marko. Mimi niliongeza rangi ya malori. Nadhani rangi ndiyo iliyofanya watu waamini. Kuna Mtanzania mmoja mbadilisha pesa, tumekunywa chai naye hotelini miaka mingi. Leo aliketi, na hakuna aliyemsogezea sukari. Akauliza kosa lake ni nini. Nilikuwa na shughuli nyingi kwenye kikombe changu.

Tuna adui. Ukurasa unaoitwa Mama Robi wa Kehancha. Umemwita Mzee Elkanah kibaraka, mchawi, na mwalimu wa tuisheni. Nimemjibu saa mbili mfululizo. Nimesahau kuchaji simu za wateja, na mmoja amehamia kwa Gisiri.

Nilimuuliza Bwana Marko tunamuunga mkono nani, Milka au Mheshimiwa. Akasema hatumuungi mkono mtu, tunaunga mkono mjadala. Huyu ni mtu mkubwa sana.

Ijumaa, 13 Machi

Siku ya ushindi wangu wa kitaalamu.

Bwana Marko anataka tutangaze kwamba kura imeahirishwa. Yeye alipendekeza isogezwe hadi Jumapili, siku ya ibada, ili watu wakate tamaa. Nilicheka peke yangu kibandani. Jumapili! Nikamwandikia kwamba kwa upande wetu, nusu ya foleni ni Wasabato. Sogeza hadi Jumamosi, nikamwambia, na hutaona hata mmoja. Duniani kote hakuna mwingine ambaye angempa ushauri huo. Alinitumia picha ya kidole gumba.

Saa tisa Mzee Elkanah ametangaza kwa masikitiko kwamba kura sasa ni Jumamosi tarehe 21. Kufikia saa kumi na moja habari ilikuwa imeenea soko zima. Mama alikuwa jikoni akipika chakula cha Sabato. Nilimwangalia akifunika sufuria, nikapata wazo kwamba yeye pia ni Msabato. Wazo hilo lilichelewa kidogo.

Jumamosi, 14 Machi

Baada ya ibada akina mama wa Dorkasi, kikundi cha wanawake wa kanisa, walibaki kanisani. Mourine ndiye aliyewasomea. Mourine ni jirani yetu, mjane, mwenye simu kubwa na sauti kubwa zaidi. Alisoma tangazo la Mzee Elkanah kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hawakubishana hata kidogo. Wamekubaliana kwamba serikali ikitaka kura yao, ijue siku za kuja kuichukua. Wanawake arobaini na wawili.

Mama alisimama nao. Tulipofika nyumbani alilitoa gauni mlangoni, akalikunja, akalirudisha sandukuni. Alilikunja polepole. Kisha akaniuliza kama nitakula maharagwe baridi au ayapashe jua litakapozama.

Nikamwambia habari hiyo ni ya uongo, kura ni Alhamisi vilevile. Akaniuliza nimejuaje. Nikasema nimesikia. Akasema na yeye amesikia, tena kutoka kwa mwalimu mstaafu. Akanikumbusha jiko nililomuuzia mwaka juzi, lililokuwa halihitaji moto. Akanikumbusha na biashara yangu ya sungura.

Sikulala vizuri. Mama hatapiga kura, na aliyemzuia ni mimi.

Jumapili, 15 Machi

Nimejaribu kusahihisha. Siwezi kuingia kwenye ukurasa. Neno la siri limebadilishwa. Nimemwandikia Bwana Marko mara sita. Alijibu mara moja, kwamba ananishukuru kwa mchango wangu. Hakusema nimefutwa kazi. Kwa hiyo bado mimi ni mkurugenzi.

Nimefungua ukurasa mpya: Ukweli wa Ziwa. Nimeweka picha yangu halisi. Wafuasi ni watatu. Mmoja anauza viatu. Mmoja ni Gisiri. Wa tatu ni Mama Robi wa Kehancha, ambaye tayari amesema uso wangu si wa kuaminika.

Jumatatu, 16 Machi

Liz, muuza dagaa, amefika na magunia yake ya omena. Hutoka kisiwa cha Mfangano kwa boti hadi Mbita, kisha kwa gari mpaka hapa. Kila akija mimi huvaa shati la mikono mirefu. Leo kabla hata hatujasalimiana aliniambia pole kwa kuahirishiwa kura. Nikamuuliza amejua wapi. Akasema kisiwani wote wanajua, wanatuombea. Uongo wangu umevuka maji, umerudi juu ya omena, na mimi ndiye ninayeambiwa pole.

Akanionyesha picha. Akasema huyu Mzee Elkanah ndiye mwanamume, mwenye macho ya kutulia, siku hizi hawapatikani. Nikamwonea Baba wivu. Ni jambo ambalo sikuwahi kulitarajia.

Nikaenda kwa Gisiri kumuomba spika yake ya kutangazia. Alikuwa amepinda juu ya simu, hakunisikia. Nikasoma juu ya bega lake. Alikuwa akiandika kwamba Onchiri wa Ukweli wa Ziwa ana uso wa mwizi wa kuku. Mama Robi wa Kehancha ni Gisiri!

Nilitaka kumpiga. Kisha nikaona juu ya simu jina la Bwana Marko, na kile kidole gumba. Yeye pia ameteuliwa. Mkurugenzi Mwandamizi, Kanda ya Mpaka. Mwandamizi! Tulikaa chini ya mwavuli wake. Siku tano tumetukanana kwa amri ya mtu mmoja, umbali wa hatua tatu, na kila jioni tulikuwa tukiombana chenji.

Gisiri ndiye aliyeanza. "Robi ameacha kuniongelesha," akasema. Robi ni mke wake. Aliona jina lake kwenye matusi yale. Nikamweleza kuhusu Mama. Akatoa spika kabatini, hakunitoza kitu.

Jumanne, 17 Machi

Tumezunguka kwa pikipiki ya Gisiri kutoka Isebania mpaka karibu na Kehancha. Yeye akiendesha, mimi nikitangaza: kura ni Alhamisi, hakuna kilichobadilika, njooni na vitambulisho.

Matatizo mawili. La kwanza, spika ni ile Gisiri anayouzia dawa, na ina sauti iliyorekodiwa ndani. Kila nikipumua inaingia yenyewe: panya, mende, kunguni. Watu walisikia kwamba kura ni Alhamisi, panya, mende. Watatu walitaka kununua.

La pili, hakuna aliyeamini. Kwenye mashamba ya tumbaku mama mmoja mwenye jembe aliniuliza nani amenilipa niseme hivyo. Nikasema hakuna. Akatikisa kichwa, akasema basi ndiyo sababu sisemi vizuri. Kwa mara ya kwanza wiki hii nilikuwa na ukweli mdomoni, na ulikosa mteja. Tulinyeshewa kuanzia Kehancha mpaka nyumbani.

Jumatano, 18 Machi

Leo nitaandika yote, hata kama mkono unakataa.

Mourine alikuja kuazima ungo. Mama alikuwa ameketi mlangoni, mguu juu ya kigoda, akichambua mchele. Mourine akamwambia Mzee Elkanah ameandika tena, na kwa kuwa Mama hajawahi kumwona, akamwekea simu mbele ya macho.

Mama alitazama. Akaacha mchele. Akaomba aishike simu mwenyewe. Akauliza kama mtu huyu anaweza kufanywa mkubwa, na Mourine akamfanya mkubwa. Mama akagusa shavu la picha kwa kidole, picha ikaruka, ikaja ya matangazo ya mbolea. Akaomba arudishiwe. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia na sikuweza kutoka wala kukaa. Mourine alimwachia simu kwa muda, akaingia jikoni kuchukua ungo, akachukua simu yake, akaaga. Hakuelewa kitu.

Mama aliendelea kuchambua mchele hadi ukaisha. Kisha akaniita. Nilitoka, nikakaa chini sakafuni, mahali nilipokuwa nakaa nikiwa na miaka saba. Hakupandisha sauti.

"Baba yako alikuwa karani wa kanisa miaka ishirini na sita," akasema. "Kila Sabato alisoma matangazo. Tangazo la msiba likiletwa, alitembea mwenyewe mpaka kwa wafiwa kuuliza saa ya mazishi, ndipo asome. Hata mvua ikinyesha. Watu walisema, kama Cephas amesoma, ni kweli. Hakudanganya mtu akiwa hai. Wewe umemfanya adanganye akiwa kaburini."

Nililia. Mimi ni mtu wa miaka thelathini na minne na nililia mpaka kamasi. Nikamweleza Bwana Marko, cheo, malori, Jumamosi, kila kitu. Alisikiliza. Aliponiuliza swali, lilikuwa moja tu: kama ninayo ile picha kubwa namna ile kwenye simu yangu. Kijitabu chake kimeingia maji, akasema, na uso umeanza kufutika upande mmoja.

Kisha akasimama, akatoa kijitabu sandukuni, akajifunga leso kichwani, akaniambia nichukue mwavuli.

Tulikwenda nyumba kwa nyumba. Nyumba ishirini na saba, na mguu ule. Kila mlangoni Mama alifungua kijitabu, akaonyesha picha, akaonyesha tarehe ya kuzaliwa, akaonyesha tarehe ya kufa. Akasema, huyu ni mume wangu, ana miaka mitano kaburini, na hawezi kuahirisha kura. Tume ya uchaguzi haijasema neno. Kesho ni kesho. Wanawake walishika kijitabu, wakatazama picha ya simu, wakatazama kijitabu tena. Waliuliza picha imefikaje mtandaoni. Mama alijibu kwamba ilitoka nyumbani kwake. Hakuniangalia. Wao waliniangalia. Nilikuwa nimeshika mwavuli.

Hakuna aliyebisha. Hakuna aliyeuliza nani amemlipa.

Alhamisi, 19 Machi

Kura. Mvua tangu alfajiri. Mama amevaa gauni, limepigwa pasi upya. Nilitaka bodaboda, Gisiri akaja mwenyewe na pikipiki, akamfunika magoti kwa karatasi ya nailoni. Robi amemrudishia salamu, akasema. Salamu tu, lakini ameanza.

Akina mama wa Dorkasi walikuja na sare zao, si wote, lakini nilihesabu thelathini na wanne. Pale shuleni foleni ilizunguka darasa la pili hadi nyuma ya vyoo. Nilimshikia Mama mwavuli kwa saa mbili na nusu. Tulipokaribia mlango aliniambia kwamba Baba alikuwa akimwinamishia yeye mwavuli, mwenyewe akilowa bega la kushoto kila uchaguzi. Nikaangalia. Bega lililolowa lilikuwa la Mama. Nikauinamisha.

Alipotoka alikuwa na wino kwenye kidole. Alikitazama njia nzima. Nyumbani hakutaka kuosha vyombo, nimeosha mimi. Nampenda sana mama huyu, na sijui kwa nini naandika jambo hilo hapa badala ya kumwambia.

Ijumaa, 20 Machi

Milka ameshindwa. Kwa kura tisa. Mheshimiwa ameshukuru watu wote, hata ambao bado hawajamsikia.

Mama aliniomba nimfunge kidonda. Nimemfunga vibaya. Amesema ni vizuri.

Jumamosi, 21 Machi

Baada ya ibada Mama alinituma nipitie shuleni, niangalie. Sikuelewa niangalie nini.

Lango limefungwa kwa kufuli. Nje kulikuwa na watu kumi na wanne. Wametoka mashamba ya mbali, Wakatoliki na wale ambao hawana kanisa, wamevaa vizuri, vitambulisho mkononi. Wengine walianza kutembea saa kumi na moja alfajiri. Yule mama wa jembe alikuwepo, leo na viatu. Waliniuliza makarani watafika saa ngapi.

Nikawaambia kura ilipita juzi. Nilisema polepole. Hawakunipigia kelele. Wangenipigia ningefurahi. Mama wa jembe aligeuza kitambulisho chake, akakisoma upande wa nyuma, akaniuliza, "Sasa sisi tumepigiwa na nani?"

Kumi na wanne. Milka alikosa tisa. Nimeifanya hesabu hiyo njia nzima, na kila mara inatoka vilevile. Nimeapa mbele ya Mama, mkono juu ya Biblia: sitaandika tena kwa jina la mtu mwingine kuhusu kura, chama, wala mgombea yeyote.

Jumapili, 22 Machi

Nimeitoa ile picha ya Baba kwa ukubwa wa karatasi nzima, nikaipeleka kwa fundi wa fremu. Iko ukutani. Mama ameivutia kiti. Amekaa hapo tangu asubuhi akimsimulia Baba habari za foleni, na mvua, na bega. Sijamwona hivi kwa miaka mitano.

Na hapo ndipo wazo liliponijia. Zuri! Halina siasa hata chembe! Dorkasi ina wajane kumi na mmoja. Kila mmoja ana mume aliyekufa na picha yake iko mahali. Nikiwafungulia ukurasa hao waume, kila asubuhi wakasalimia wake zao, watu watafarijika. Gisiri ameahidi kuandika kwa niaba ya marehemu wa kabila lake, Wakuria. Tumegawana vyeo bila ugomvi. Wote wawili ni waandamizi. Kiapo kiko salama, kilihusu kura tu.

Nimeanza na mume wa Mourine. Picha nimeipata kwenye ukurasa wake mwenyewe. Saa nne mumewe amemwandikia habari ya asubuhi, na kwamba asisahau kuwapa kuku maji.

Mourine anajua mumewe amekufa. Ndiye aliyemvisha. Juzijuzi tu alishika kile kijitabu cha mazishi, akaona jinsi jambo hili linavyofanywa. Hata hivyo amejibu. Amesema kuku wameshakunywa, jogoo mwekundu amepona, akamuuliza kwa nini amekaa muda mrefu hivi bila kuandika.

Yuko pale mlangoni kwake, namwona kutoka kibandani. Simu ameishika kwa mikono miwili. Natafuta jibu zuri la kumpa.